Effie Anajifunza Kuanguka

Netta wa dukani ndiye aliyeanza kusema kwamba Bi Effie Rankin anajichimbia kaburi mlimani.

Aliniambia nikiwa nasubiri maziwa, mwanangu Una amelala mgongoni. Alipunguza sauti, ingawa dukani hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti ambalo hajalilipia. Alisema mpwa wake, aliyepanda kutafuta kondoo, alimwona Bi Effie amelala chali kwenye theluji, kichwa kimeelekea bondeni na miguu juu, ametulia tu. Siku nyingine akaonekana akichimba shimo kwa beleshi, shimo la kumtosha mtu, kisha akaingia, akapiga magoti, akaanza kuupapasa ukuta wa theluji kwa vidole. Peke yake. Mwanamke wa miaka sitini na ushee.

"Anataka kumfuata mumewe," Netta alisema. "Na mahali palepale. Wewe unakaa naye ukuta kwa ukuta, binti. Hujasikia kitu?"

Nilimwambia nasikia birika lake na redio yake.

"Basi endelea kusikiliza. Ila usituitie watu kabla hajafa, Mama Simu."

Mzee wa gazeti akacheka bila kuinua macho. Nami nikacheka kidogo, maana usipocheka wanaongeza.

Jina hilo la Mama Simu nililipata msimu wa baridi uliotangulia, Una akiwa bado mchanga. Alipata homa, macho yakawa yanaangalia pembeni, nami nikapiga simu ya dharura bila kumwuliza mtu. Gari la wagonjwa lilikuja kutoka mjini, limetanguliwa na gari la kusukuma theluji, taa za buluu zikimulika madirisha ya bonde zima. Walipoingia walimkuta Una amekaa mapajani mwangu anatafuna kijiko. Tangu siku hiyo, mtu akichelewa basi, au kondoo akikwama kwenye uzio, wananiambia nipige simu.

Kwetu watu hawapendi kuita msaada. Huku kwenye mabonde ya Uskoti, ukiita msaada wa mlimani wanaokuja ni jirani zako. Fundi bomba anaacha chakula mezani, mwalimu anaacha daftari za watoto, wanavaa viatu vyao vizito na kuingia kwenye mvua ya theluji. Hakuna anayekukataza. Wanakuja, hawasemi neno. Halafu ikijulikana kwamba hapakuwa na lolote, unachekwa mpaka uzeeni.

Lorne, mume wa Bi Effie, alikufa msimu huohuo wa homa ya Una. Theluji ilimporomokea Besenini. Beseni ni lile bonde dogo lililo chini ya kilele cha Ben Orran, limezungukwa na kuta pande tatu kama beseni lililovunjika ukingo mmoja. Njia ya kwenda kileleni inaingia humo na kupanda ukuta wa nyuma kwa kona kona. Wakati wa kiangazi kila mtu anaipita. Hata mimi niliipita nikiwa na tumbo la Una. Lorne aliipita maisha yake yote, akawa anasema viatu vyake vingeweza kwenda vyenyewe yeye akabaki nyumbani na gazeti.

Siku ya maziko watu walimwambia Bi Effie kwamba mzee alifia mahali alipopapenda. Aliwashukuru mmoja mmoja. Nilikuwa namsaidia kubeba vikombe, na niliuona uso wake alipokuwa akiwasikiliza. Ulikuwa kama wa mtu anayetajiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. Watu walipoondoka alivikusanya vikombe vyote akaviosha, kisha akavirudisha kwenye maji akaviosha tena.

Baada ya hapo mwaka ulipita. Nilisikia birika, redio, mlango. Kiangazi kikaja, kikaenda, na sikumwona akipanda mlima hata mara moja. Kisha theluji ya kwanza ilipofika bondeni, siku chache baada ya maneno ya Netta, nikaanza kusikia sauti nyingine nyuma ya nyumba, kama mtu anatupa gunia la viazi, kimya, tena gunia. Nikaenda dirishani.

Nyuma ya nyumba zetu kuna mteremko ambao watoto huutelezea wakitoka shule. Saa hiyo walikuwa darasani. Bi Effie alikuwa juu kabisa, amevaa koti la kijani la Lorne lililomzidi mikono, kofia ngumu kichwani, na shoka la barafu mkononi, lile lenye ncha ndefu upande mmoja na ubapa upande wa pili. Alikaa chini, akajiachia. Aliteremka kasi. Katikati ya mteremko akajigeuza kifudifudi, akalikandamizia shoka chini ya bega kwa uzito wake wote, ile ncha ikauma theluji, akaacha kuteleza. Akainuka, akajipangusa, akapanda. Akaanguka tena kwa tumbo. Akapanda. Akaanguka kichwa mbele. Mwisho akalala chali, kichwa kikielekea chini, vilevile alivyosema Netta, akakaa hivyo kwa muda akitazama mawingu, kisha akajiachia.

Sikumwona akicheka, wala kulia, wala kushika kiuno. Alikuwa kama mtu anayeanika nguo.

Nilimfunga Una mgongoni nikatoka.

"Bi Effie, unafanya nini?"

"Naanguka."

"Naona."

Alilitazama shoka, akaondoa theluji kwenye ncha kwa glavu. Akanieleza, bila haraka, kwamba amejiunga na darasa la Murdo. Murdo ndiye mkuu wa kikosi cha uokoaji bondeni kwetu, na kila msimu wa baridi huwafundisha watu waliozoea kutembea milimani wakati wa kiangazi namna ya kutembea kukiwa na theluji. Wengine wote darasani walikuwa vijana wa mjini wenye makoti mapya. Murdo anawaangusha kutwa nzima, alisema, na anawaanzisha kwa mkao mbaya kuliko yote, chali kichwa chini, ili mkono uzoee kufanya wenyewe. Ukianza kufikiri umeshafika bondeni.

Nilimwuliza kama ameshajua.

"Mkono wa kulia, ndiyo. Wa kushoto bado nafika bondeni."

Una alikuwa ametoa mkono nje ya nguo anaishika theluji iliyoganda kwenye koti la Lorne. Bi Effie alimwachia. Halafu akaniuliza kama ninaweza kumfichia kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa kifaa kidogo kama kipande cha sabuni, kinachovaliwa kifuani chini ya koti. Kinatoa mlio usiosikika kwa masikio, na mwenzako mwenye kifaa kama hicho anaweza kuufuata mpaka ulipo, hata kama uko chini ya theluji. Murdo alimwazima viwili. Lorne hakuwahi kuwa nacho. Karibu hakuna mtu bondeni kwetu aliyekuwa nacho, kwa sababu tulisema hivyo ni vya watu wa milima mikubwa ya nchi nyingine. Bi Effie alitaka kujizoeza kutafuta, lakini mtu hawezi kujifichia mwenyewe. Basi nikawa mfichaji. Nilikivisha soksi, nikakiweka ndani ya mkebe wa biskuti, nikaenda kukifukia kwenye shamba la kondoo, pale upepo unaporundika theluji kwenye ukuta wa mawe. Yeye alisimama amelipa mgongo shamba, anatazama mto.

Siku za mwanzo alihangaika. Kifaa hakikupeleki moja kwa moja; kinakuzungusha kwa njia ya upinde, na yeye alitaka kukata kona. Akawa anakaribia, anapotea, anakaribia. Ukifika karibu inabidi upige magoti, uinamishe kifaa mpaka kiguse theluji, ukipeleke huku na kule polepole kama unapiga pasi. Kisha unachoma theluji kwa ufito mrefu wa chuma mpaka uguse kitu. Kisha unachimba, na unachimba ukitokea upande wa chini ya mteremko, usije ukasimama juu ya pumzi za mtu. Vidole vyangu vya miguu vilikufa ganzi nikimngoja. Una alilia, nikaingia ndani, nikamnyonyesha, nikachemsha chai, nikatoka, na Bi Effie bado yuko magotini.

Siku alipoupata mkebe alifungua kifuniko, akaitazama soksi.

"Huyu amekufa," alisema, akaufunga.

Tukafanya hivyo karibu kila siku theluji ilipokuwapo. Alikuwa akichimba na mashimo pia. Alinionyesha jinsi ukuta wa shimo ulivyo na matabaka, na jinsi ya kuyapima kwa mkono: hapa inaingia ngumi, hapa vidole vinne, hapa kimoja, hapa penseli tu, hapa kisu. Ukikuta tabaka gumu limekalia tabaka laini, ujue hilo la juu halijashikwa na kitu. Ni kama sahani iliyowekwa juu ya sukari. Aliyasema haya kwa sauti ileile anayotumia kuniambia niache unga wa shayiri ulowe usiku kucha. Mkebe nao akawa anaupata upesi zaidi, hata ikafika siku aliupata kabla sijamaliza kumkaza Una mgongoni.

"Huyu mzima," alisema. Sauti haikubadilika.

Kisha Murdo alikuja nyumbani kwangu. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, hakutaka kukaa. Alinieleza kwamba Jumamosi alilipeleka darasa mpaka mdomoni mwa Beseni. Usiku uliotangulia upepo ulivuma kutoka kusini-magharibi, na upepo huo huizoa theluji ya kileleni na kuimwaga upande wa pili, kwenye ukuta wa nyuma wa Beseni, ukutani palipo na njia ya kiangazi. Asubuhi aliwauliza wanafunzi ni upande gani usiopitika siku hiyo, na ni Bi Effie aliyejibu, kabla ya vijana wote. Walipofika kwenye lile jiwe kubwa ambapo watu huketi kula mikate yao, Murdo akamwambia aongoze, achague njia.

"Akainamisha kichwa, akashika njia ya kiangazi," Murdo alisema. "Nikadhani ananitania. Nikamwacha aende kidogo. Haikuwa utani. Nilimkimbilia nikamshika mkoba. Nikamwuliza, Effie, unakwenda wapi? Akaitazama miguu yake. Akasema, juu."

Nilimwuliza kama Bi Effie alilia.

"Afadhali angelia."

Alisema mmoja wa wale vijana alipita dukani akasimulia, kwa hiyo hakuna haja ya kuficha. Kisha akauliza swali lililomleta. Mimi ndiye niliye karibu na Bi Effie, ndiye ninayemfichia ule mkebe. Je, mwanamke huyu anataka kurudi nyumbani, au hataki?

Nilifikiri. Nikamwambia nimeona dirishani kwake ameviweka viazi vya mbegu kwenye trei za mayai, vichipue, tayari kwa kupandwa majira ya kuchipua. Mtu anayetaka kufa haweki viazi.

Murdo aliigeuza kofia yake mkononi.

"Lorne naye alikuwa ameviweka," alisema.

Akaniambia hatampeleka tena mpaka awe na hakika, na kwamba mimi pia nikiwa na busara nimnyime huo mkebe. Akaondoka. Nikabaki nimesimama na mlango wazi mpaka Una akapiga chafya.

Dukani waliniuliza. Netta alisema yeye hapendi kuonekana ameona mbali, ila alisema mapema. Alisema pia kwamba anayemsaidia mtu kujifunza kwenda mahali kama pale, naye ana sehemu yake. Hakunitazama alipokuwa akisema. Nilinunua sukari ambayo sikuihitaji.

Bi Effie alipogonga mlango wangu na mkebe mkononi, nilimwambia Una ana mafua. Alimtazama Una. Una alikuwa sakafuni amekivaa kichujio kichwani, anacheka peke yake.

"Murdo alikuja," alisema.

"Alikuja."

Aliingia akakaa, akauweka mkebe magotini. Nikachemsha chai. Nilifikiri atajitetea, lakini alikaa tu akimwangalia Una, na mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza. Nikamwuliza kwa nini alishika ile njia.

"Miguu ilishika," alisema. "Tumeipita na Lorne tangu tukiwa wachumba. Nilikuwa nawaza kwamba nimeacha dirisha la chooni wazi. Nilipogutuka Murdo ameshanishika." Akaugeuza mkebe magotini. "Nafikiri Lorne naye ilikuwa hivyohivyo. Hakuamua lolote. Alikuwa anawaza dirisha."

Halafu akanisimulia jambo ambalo mke yeyote bondeni analijua nusu. Miaka mingi nyuma, Lorne alichelewa kushuka mlimani, na Bi Effie akakiita kikosi. Wanaume wakaingia mvuani wakatafuta. Wakamkuta kwenye kibanda cha wawindaji, amekaa na mtu wanakula mikate ya shayiri na jibini, wanabishana kuhusu mbwa. Wakamleta. Kesho yake baani walikuwa wamekifunga kiti chake kwa karatasi ya posta na kamba, na tangu siku hiyo jina lake likawa Kifurushi. Hata mazikoni wapo waliolitamka kwa mapenzi. Usiku ule Lorne alimwomba mkewe kitu kimoja. Kwetu mtu akipanda mlima humwachia aliye nyumbani neno, napita wapi na nikichelewa mpaka lini ndipo uite watu. Lorne alimwambia: nikishakwambia saa, wewe ongeza saa mbili.

"Nami nikawa naongeza," alisema Bi Effie. "Miaka yote ile. Na kila mara alikuwa anaingia ndani ya hizo saa mbili, anapangusa viatu, ananiambia, unaona?"

Siku Lorne alipofukiwa aliongeza vilevile. Supu ya shayiri ilikuwa jikoni, akaipunguzia moto. Saa ilipita, akaifunika. Ya pili ikapita, akasema labda mto umejaa, amezungukia darajani. Giza lilipoingia ndipo akamwita Murdo. Walimpata kesho yake kwa kuchomachoma theluji kwa fito, hatua chache kutoka njiani, na hakuwa chini sana. Mkono wa mtu mzima ungemfikia.

Nilitaka kumshika mkono, lakini mikono yake ilikuwa imeushika mkebe.

"Kwa mwaka mzima nimeishi na hizo saa mbili," alisema. "Nikilala zipo, nikiamka zipo. Halafu Murdo akatuambia darasani, anatusomea tu kama mafundisho mengine. Mtu akifukiwa, robo saa ndiyo yake. Baada ya hapo wanaopona ni wachache sana. Na mwindaji mmoja wa bonde la ng'ambo alishasema alisikia mngurumo mchana, akadhani ni machimboni wanapasua mawe. Nikajumlisha palepale. Lorne alikuwa amekwisha kufa kabla sijaweka hata shayiri sufuriani."

Nikasema, basi Bi Effie, si wewe.

"Ndiyo. Si mimi." Alikoroga chai yake, ingawa huwa haweki sukari. "Nilidhani nikilijua hilo nitasikia kitu. Nafuu, au kilio. Nikaangalia kama kinakuja. Vijana walikuwa wanaandika, mmoja anakula tufaha. Hakikuja kitu."

Una alikuwa ametambaa mpaka miguuni pake, anavuta kamba ya kiatu. Bi Effie aliinama, akamsaidia kuifungua.

Nikamwuliza anachokitaka huko juu.

"Nataka kupita Begani."

Bega ni ule mgongo wa mlima ulio nje ya Beseni. Upepo unaufagia, theluji haikai nene, kwa hiyo haiporomoki. Lakini ile kidogo iliyobaki inaganda kama kioo, na ukiteleza bila shoka husimami. Ndiyo sababu ya kuanguka kote kule. Kila mtu kwetu anajua Bega lipo. Hakuna anayelipita, kwa sababu lina mzunguko kidogo, na njia ya babu zetu inaingia Besenini.

"Ni mzunguko wa kumaliza kiko kimoja cha tumbaku," alisema. "Lorne aliyasema hayo mwenyewe. Nataka nilipite mpaka juu, nione kwamba linapitika. Kisha nishuke."

"Na vile viazi dirishani," nikasema, nikajiona mjinga, "ni vya nini?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Vya kula, binti."

Nilivaa koti langu. Nilimfunga Una, nikauchukua mkebe, nikaenda kuufukia nyuma kabisa ya zizi, mahali pagumu kuliko pote nilipowahi kuchagua. Aliupata. Hakusema mzima wala maiti. Aliniambia tu kwamba soksi ina tundu.

Murdo alimpeleka tena, baada ya Bi Effie kwenda mwenyewe kumgongea. Sijui walisemezana nini. Najua tu aliyonieleza Murdo akijaza mafuta kwenye gari lake, kwamba walifika kwenye jiwe kubwa, wawili peke yao, na akamwambia tena aongoze. Bi Effie aliinamisha kichwa, akachukua hatua ya kwanza kwenye njia ya kiangazi. Akasimama. Akaitazama miguu yake kama mtu anayetazama watoto waliotaka kutoroka. Akaigeuza kushoto, kuelekea Bega. Walipanda kidogo tu, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka, wakarudi.

"Siku shwari anaweza," Murdo alisema. Akalifunga tangi. "Simpeleki mimi. Amesema anataka kwenda mwenyewe, na sina haki ya kumkatalia. Ameniuliza maswali yote aliyopaswa kuniuliza."

Nikamwuliza kama sasa ana hakika na lile swali lake. Alisema hana.

Ikaja wiki isiyo na upepo. Baridi kavu, moshi wa nyumba unapanda wima. Nilimsikia Bi Effie kupitia ukutani akifungulia taarifa ya theluji kila asubuhi kabla ya birika. Asubuhi ya tatu au ya nne aligonga mlango wangu kukiwa kumepambazuka. Alikuwa amevaa koti lake mwenyewe, si la Lorne. Shoka lilikuwa mkononi, meno ya chuma ya viatuni yamening'inizwa mkobani, chupa ya chai pembeni. Alifungua zipu akanionyesha kile kifaa kifuani, taa yake ndogo inamulikamulika.

"Uko peke yako, nani atakisikia?" niliuliza.

"Watakaokuja."

Akanipa neno, kama kwetu mtu anavyompa aliye nyumbani. Anavuka daraja, anafuata njia mpaka jiwe kubwa, hapo anaiacha na kushika Bega mpaka kileleni, na kurudi ni kulekule. Haingii Besenini, kwenda wala kurudi. Akanifanya niyarudie. Niliyarudia. Nikamwuliza, kwa kuwa niliogopa, kama hakuona heri kumpa Netta neno hilo, au Murdo mwenyewe, watu wa hapa, wanaojua milima.

"Netta ataongeza," alisema. "Murdo naye ataongeza, kwa kuniheshimu. Wewe uliita gari la wagonjwa kwa mtoto anayetafuna kijiko."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakuwa anacheka. Alivua glavu moja, akamshika Una mguu, ule ulioning'inia pembeni mwangu, akaushikilia kidogo kama anaupima joto. Kisha akaivaa glavu.

"Jioni ukimaliza kumwogesha huyu, tazama mlangoni kwangu. Kama taa haijawaka, piga simu. Usipashe supu, usiseme labda mto umejaa. Wakinikuta njiani nimekaa nakunywa chai, waache wanicheke. Wewe piga tu, usiongeze kitu."